Moyo Ukisimamishwa, Roho Iko Wapi?



Mwaka wangu wa kichungaji niliufanya katika hospitali moja ya rufaa, nikimsaidia padre anayehudumia wagonjwa. Kila asubuhi nilipita wodini na rozari mfukoni na kitabu cha sala mkononi, na kusema kweli nilijiona nimeiva. Siku moja, katika wodi ya watoto, mama mmoja alinivuta pembeni. Binti yake wa miaka 12 alikuwa ameketi kitandani ameegemea mito miwili, kwa sababu kila alipojaribu kulala chali alikosa pumzi. Valvu ya moyo wake ilikuwa imeharibika. Madaktari walikuwa wamemweleza mama kwamba mtoto atahitaji upasuaji, na kwamba ili wairekebishe valvu hiyo lazima kwanza wausimamishe moyo.

"Frateri," aliniuliza kwa sauti ya chini ili mtoto asisikie, "wakishausimamisha moyo wa mwanangu, roho yake itakuwa wapi?"

Nilikuwa nimesoma falsafa miaka mitatu. Nilikuwa nimefaulu mtihani juu ya mwili na roho kwa Mtakatifu Tomaso wa Akwino. Lakini pale sikuwa na jibu, na badala ya kukiri hivyo nikasema neno ambalo huwa tunalisema tunapoishiwa: "Mama, tumwachie Mungu." Tukasali Baba Yetu na Salamu Maria, nikaendelea na kitanda kinachofuata.

Asubuhi ya pili yake kitanda cha yule binti kilikuwa kitupu. Mama alikuwa ameomba kuondoka na mwanawe. Muuguzi alipojaribu kumzuia alijibu kwamba hata frateri amesema wamwachie Mungu.

Makala hii naiandika kwa sababu ya kitanda kile. Maoni yangu ni kwamba sisi tunaoandaliwa kuwa wachungaji tunapaswa kuelewa, kwa lugha ya kawaida tu, namna madaktari wanavyoulinda moyo na ubongo wa mgonjwa wakati wa upasuaji wa moyo. Sisemi tuwe madaktari. Nasema hofu ya watu wetu juu ya upasuaji huu ni hofu ya kiimani kabla ya kuwa hofu ya kitabibu, na ndiyo maana wanaileta kwetu kwanza. Tukiijibu kwa maneno matakatifu yasiyobeba kitu, tunaweza kumfungia mtu mlango wa tiba huku tumeshika rozari.

Safari ndefu ya kuufikia moyo

Fundi hawezi kushona kiraka kwenye tanga wakati jahazi linakwenda kwa upepo mkali. Lazima tanga lishushwe. Moyo nao ni hivyo. Unapiga mara 70, 80, au kwa mtoto zaidi ya hapo, kila dakika, na muda wote umejaa damu. Daktari hawezi kuufungua na kushona ndani yake ukiwa katika hali hiyo.

Tatizo ni kwamba mwili haungoji. Na kiungo kisichongoja kuliko vyote ni ubongo. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa takribani asilimia 2 tu ya mwili wake, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Damu ikikatika kabisa, na mwili ukiwa katika joto lake la kawaida, baada ya dakika nne au tano hivi ubongo huanza kuharibika. Nani atafungua moyo, aurekebishe na kuufunga ndani ya dakika nne?

Watu walianza kwa kutumia baridi. Huko Toronto, Kanada, daktari Wilfred Bigelow alionyesha kwa majaribio ya wanyama kwamba mwili uliopozwa unahitaji oksijeni kidogo zaidi. Tarehe 2 Septemba 1952, katika Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani, daktari John Lewis alimpoza binti wa miaka mitano, akazuia damu kwa dakika chache, akaziba tundu lililokuwa ndani ya moyo wake, na mtoto akaishi. Baridi ilikuwa imenunua dakika chache. Dakika hizo zilitosha kwa tundu dogo, hazikutosha kwa tatizo kubwa.

Tarehe 6 Mei 1953, huko Philadelphia, John Gibbon alitumia mashine aliyokuwa ameihangaikia kwa karibu miaka 20 akisaidiwa na mkewe Mary. Kwa dakika 26 mashine hiyo ilifanya kazi yote ya moyo na mapafu ya msichana wa miaka 18, huku daktari akiziba tundu moyoni mwake. Msichana akapona. Lakini wagonjwa wengine wa Gibbon walifariki, naye akaacha.

Mwaka uliofuata, tarehe 26 Machi 1954, Walton Lillehei wa Minnesota alifanya jambo ambalo kila mzazi analielewa bila kufundishwa. Alimlaza baba kando ya mtoto wake mchanga, akaunganisha mishipa yao kwa mirija, na moyo wa baba ukawa unasukuma damu kwa ajili ya wawili wakati moyo wa mtoto ukitengenezwa. Mtoto yule alifariki siku 11 baadaye kwa ugonjwa wa mapafu. Hata hivyo, ndani ya muda wa mwaka mmoja na kitu wagonjwa 45 walifanyiwa upasuaji kwa njia hiyo, na zaidi ya nusu yao waliishi. Baadaye mashine ziliboreshwa, wazazi wakaweza kubaki nje ya mlango wakisali.

Nimeyaeleza haya ili tuone kitu kimoja. Tangu mwanzo swali la madaktari hawa halikuwa namna ya kuusimamisha moyo. Hilo ni rahisi. Swali lilikuwa namna ya kumlinda mtu wakati moyo wake umesimama.

Moyo unalazwa, hauuawi

Leo kazi hiyo inakwenda hivi. Mgonjwa akiwa katika usingizi wa dawa, anapewa heparini ili damu yake isigande ndani ya mirija. Damu iliyotumika, ambayo ni nyeusi-nyeusi, inatolewa kabla ya kuingia moyoni, inapita kwenye mashine, inaondolewa kaboni dioksidi na kuongezwa oksijeni, kisha inarudishwa ikiwa nyekundu kwenye mshipa mkuu unaoilisha mwili mzima. Mashine hii haiendeshwi na daktari mpasuaji. Ina mtaalamu wake, anayeketi kando, macho kwenye vipimo, na katika saa hizo yeye ndiye mtunza pumzi na mapigo ya mgonjwa. Ni mtu ambaye ndugu wa mgonjwa hawamwoni kamwe, wala hawajui kumshukuru.

Mwili ukishakuwa salama juu ya mashine, daktari anaubana ule mshipa mkuu karibu na moyo. Sasa mwili wote unapata damu, isipokuwa moyo wenyewe. Kiungo kilichokuwa kikiwalisha wengine wote ndicho pekee kilichobaki na njaa. Kama ungeachwa hivyo hivyo, ungeendelea kuhangaika, ungemaliza akiba yake na misuli yake ingeanza kufa.

Kwa hiyo wanaupumzisha. Katika mishipa midogo ya moyo wanapitisha maji maalumu ya baridi, au damu iliyochanganywa na dawa, yenye potasiamu nyingi kuliko kawaida. Potasiamu hiyo inazifanya chembe za misuli zishindwe kupokea amri ya kupiga. Moyo unalegea, unatulia. Moyo uliotulia na kuwa mtupu hutumia takribani sehemu moja tu ya kumi ya oksijeni unayoitumia ukiwa kazini, na baridi inapunguza zaidi.

Hata hili halikupatikana kirahisi. Mwaka 1955, huko London, Denis Melrose alionyesha kwamba potasiamu inaweza kuusimamisha moyo na ukarudi kupiga. Lakini kipimo kilichotumika kikaonekana kuiumiza misuli, na njia hiyo ikaachwa kwa miaka mingi. Ilirudi katika miaka ya 1970, kwa vipimo vidogo na michanganyiko iliyopimwa kwa makini, mmojawapo ukiwa ule wa hospitali ya St Thomas' ya London. Dawa zilezile zinazoua zikizidi, zinalinda zikiwa kwa kiasi. Mwalimu wetu wa maadili angefurahi kuutumia mfano huo.

Daktari mmoja, ambaye baadaye alikubali kunifundisha mambo haya kwa uvumilivu, aliniambia kwamba tangu mshipa mkuu unapobanwa, saa inahesabiwa kwa sauti. Mtaalamu wa mashine anataja dakika zilizopita. Kwa michanganyiko mingi, dawa inarudiwa kila baada ya dakika 20 au 30 hivi. Hakuna mtu katika chumba kile anayesahau kwamba moyo ule umekopwa na lazima urudishwe. Kazi ikiisha, mshipa unafunguliwa, damu yenye joto inaingia, potasiamu inasombwa, na mara nyingi moyo unaanza kupiga wenyewe. Wakati mwingine unahitaji mshtuko mdogo wa umeme.

"Frateri," aliniambia, "huo moyo hatujauua. Tumeulaza."

Ubongo nao una walinzi wake

Wakati moyo umelala, ubongo unaendelea kupata chakula chake kutoka kwenye mashine. Lakini una hatari zake. Shinikizo la damu likishuka mno, hauli vya kutosha. Povu dogo la hewa au chembe ya uchafu wa mshipa ikipanda kichwani, inaweza kuleta kiharusi. Ndiyo maana damu inayorudi kwa mgonjwa hupitishwa kwenye chujio. Ndiyo maana pia, kabla ya kuuachia moyo uanze tena kusukuma, wapasuaji wanatumia muda kuitoa hewa yote iliyobaki ndani yake. Mahali pengine wanapuliza kaboni dioksidi kifuani wakati moyo uko wazi, kwa sababu gesi hiyo huyeyuka ndani ya damu upesi kuliko hewa ya kawaida, hivyo povu lake halidumu. Katika hospitali zenye vifaa, mgonjwa anabandikwa vipimo kwenye paji la uso vinavyoonyesha kama oksijeni ya ubongo inashuka.

Joto nalo lina sheria yake. Kupoza kunausaidia ubongo, kwa kuwa kila nyuzi moja ya joto inayoshuka inapunguza mahitaji yake kwa takribani asilimia 6 hadi 7. Kumpasha mgonjwa joto upya lazima kufanyike polepole, bila kuvuka joto la kawaida la nyuzi 37, kwa sababu ubongo uliotoka kwenye njaa na baridi unaumizwa na joto la haraka.

Kuna upasuaji mwingine mgumu zaidi, kwa mfano pale mshipa mkuu unapoharibika katika sehemu yake ya upinde inayotoa mishipa ya kwenda kichwani. Hapo mgonjwa anaweza kupozwa hadi nyuzi 20 au chini kidogo, kisha hata mashine yenyewe ikasimamishwa kwa muda, au ikaachwa iupelekee damu ubongo peke yake. Mashine ikizimwa katika baridi hiyo, moyo hausikiki, damu haitembei, na kipimo cha umeme wa ubongo kinaweza kuonyesha mstari ulionyooka. Baada ya hapo mtu huyo anapashwa joto, anaamka, na anauliza kama chai ipo.

Basi roho iko wapi?

Turudi kwa swali la yule mama, maana lilikuwa swali zuri kuliko jibu langu.

Katika mazungumzo ya kila siku tunasema moyo ukisimama mtu amekufa. Usemi huo ulitosha kwa mababu zetu kwa sababu kwao moyo uliosimama haukurudi. Lakini Kanisa halijawahi kufundisha kwamba roho imekaa ndani ya moyo kama mpangaji ndani ya chumba, kwamba chumba kikifungwa ahame. Roho ndiyo inayoufanya mwili huu wote kuwa mwili hai wa mtu huyu. Kifo ni kutengana kwa roho na mwili, na kutengana huko si kitu ambacho daktari anakifanya asubuhi na kukitengua mchana. Kama binti anaamka jioni na kumwita mama yake, hakufa na kufufuka. Alikuwa hai muda wote.

Papa Pius XII alilikabili jambo hili mapema. Tarehe 24 Novemba 1957, akizungumza na madaktari wa usingizi, alieleza kwamba kubainisha wakati hasa wa kifo ni kazi ya daktari. Mtakatifu Yohane Paulo II, akizungumza na wataalamu wa upandikizaji wa viungo tarehe 29 Agosti 2000, alisisitiza kwamba kigezo cha ubongo kinahusu kukoma kabisa, kusikoweza kurejea, kwa kazi zote za ubongo. Uzito wa maneno hayo uko hapo kwenye kutorejea. Chini ya baridi na dawa, ubongo ulionyamaza haujakoma. Umehifadhiwa, tena na watu wanaohesabu dakika.

Kwa hiyo jibu ambalo ningepaswa kumpa mama lilikuwa fupi: "Roho ya mwanao itakuwa palepale ilipo sasa. Moyo wake utalala, yeye atakuwa hai, na kuna watu watakaokesha naye kila dakika. Je, unataka twende pamoja tukamwulize daktari maswali yaliyobaki?"

Ningeongeza jambo moja la ukweli: upasuaji huu una hatari, na wapo wasioamka. Mchungaji hana ruhusa ya kuahidi kile ambacho hata daktari hakiahidi. Lakini kati ya kuahidi muujiza na kunyamaza kuna nafasi ya kutosha kusimama na mtu.

Usiku wa pili na wa tatu

Kuna mahali pengine ambapo ujinga wetu unaumiza, nako ni baada ya upasuaji. Nilishuhudia mzee mmoja, mwenyekiti wa jumuiya yake, mtu mtaratibu, ambaye usiku wa pili baada ya upasuaji wa moyo alianza kupiga kelele kwamba kuna watu wamesimama ukutani. Alimkataa mkewe. Alitaka kung'oa mirija. Kulipokucha ndugu zake walikuwa wamekwisha kuamua kwamba amerushiwa kitu, na walimwomba padre aje na sala za kufukuza pepo.

Wauguzi walitueleza kwamba hali hiyo inawapata wagonjwa wengi baada ya upasuaji wa moyo, hasa wazee. Ubongo umepita katika dawa za usingizi, mashine, maumivu na usiku usio na usingizi, nao unachanganyikiwa kwa muda. Kwa kawaida hupungua ndani ya siku chache. Kinachosaidia ni vitu vidogo: sauti anayoifahamu, miwani yake irudishwe, aambiwe leo ni siku gani na yuko wapi, mchana apate mwanga, usiku aachwe alale. Padre alikuja, akampa Ushirika Mtakatifu alipokuwa ametulia, akaketi, akamsimulia habari za shamba lake la migomba. Siku ya tano mzee alikuwa akicheka na wenzake, bila kukumbuka lolote.

Fikiri kama tungezunguka kitanda kile tukipaza sauti usiku kucha. Tungeuchosha ubongo uliokuwa unatafuta usingizi, na mzee angerudi kijijini na jina la mtu aliyekuwa na pepo. Nasema hivi bila kudharau sala. Sala yenyewe inataka tujue kwanza tunasalia nini.

Ulinzi unaoanzia parokiani

Wapo watakaosema: "Frateri, unaongelea mashine za mijini wakati zahanati yetu haina hata dawa ya mafindofindo." Pingamizi hilo ni la haki, tena linanisaidia. Maana ugonjwa wa yule binti ulianzia kooni.

Mtoto, mara nyingi wa kati ya miaka 5 na 15, anaumwa koo kwa sababu ya bakteria. Asipotibiwa vizuri, kinga ya mwili wake inaweza kugeuka na kushambulia viungo na moyo. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. Ikimrudia mara kwa mara, valvu za moyo zinakakamaa au zinavuja. Penisilini ya bei ndogo inaweza kuzuia hayo, na kwa aliyekwisha kuugua, sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne inazuia homa isirudi. Mwezi Mei 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kupambana na ugonjwa huu, kwa kuwa bado unawaua watoto na vijana wa nchi maskini ilhali katika nchi tajiri umekuwa nadra. Mtoto anayetibiwa koo leo hatahitaji moyo wake usimamishwe kesho. Hakuna ulinzi wa moyo unaopita huo.

Lakini kwa yule ambaye valvu yake imekwisha kuharibika, kumwambia habari za koo ni kumchelewesha. Naye leo ana mahali pa kwenda. Kwa miaka mingi wagonjwa wa Tanzania walipelekwa India. Upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na tangu 2015 tunayo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Kanisa lenyewe halikukaa pembeni. Kule Nairobi, hospitali ya Mater, iliyoanzishwa na Masista wa Huruma, imewafanyia watoto wengi upasuaji wa moyo, na kwa miaka mingi watu wamekimbia mbio za hisani kuwachangia.

Sisi wa parokiani tufanye nini basi? Napendekeza mambo manne.

Kwanza, katekista na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo wafundishwe kwamba mtoto mwenye koo linalouma na homa anakwenda zahanati, na kwamba mtoto anayeishiwa pumzi akicheza, au anayelala ameketi, anapelekwa kupimwa moyo mapema. Walimu wa Utoto Mtakatifu wanawaona watoto kila Jumapili. Wao wanaweza kugundua kabla ya wazazi.

Pili, tuchangie damu. Mashine ya moyo na mapafu inajazwa maji kabla ya kuanza, na maji hayo yanaipunguza nguvu damu ya mgonjwa. Kwa mtoto mdogo mara nyingi lazima iongezwe damu ya mtu mwingine. Parokia inayoweza kukusanya michango ya harusi kwa wiki mbili inaweza kukusanya chupa za damu kwa asubuhi moja baada ya Misa.

Tatu, tuirudishie Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa maana yake. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1515, inasema inafaa kuipokea kabla ya upasuaji mzito. Watu wetu bado wanaiita mpako wa mwisho, na wakimwona padre na mafuta wanaanza kulia. Kosa hilo ni letu. Tuwapake mafuta wakiwa wameketi, wanaongea, wanajua wanakokwenda.

Nne, tuwafuatilie wakirudi. Mwenye valvu ya chuma anameza warfarini maisha yake yote, na damu yake inapimwa mara kwa mara. Akiiacha, damu inaweza kuganda kwenye valvu na kipande kikapanda kichwani. Ubongo ambao watu kadhaa waliulinda kwa saa nzima unaweza kupotea kwa sababu mtu ameambiwa katika mkutano wa maombi kwamba aliyepona haendelei na dawa. Tukisikia hivyo katika maeneo yetu, tuseme wazi kwamba si mafundisho yetu. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anamtaka mgonjwa asali, na papo hapo ampe daktari nafasi yake kwa kuwa Mungu ndiye aliyemuumba.

Na kwa walezi wetu seminarini nina ombi dogo. Katika somo la uchungaji wa wagonjwa, aitwe daktari au muuguzi walau mara moja kwa muhula, atueleze mambo kama haya, nasi tumwulize maswali ya kijinga tukiwa bado darasani. Wodini maswali ya kijinga yana gharama.

Alivyorudi

Yule binti alirudi. Ilikuwa miezi minane baadaye, mwisho wa mwaka wangu, akiwa amevimba miguu na amekonda mabega. Mara hii mimi ndiye niliyemtafuta mama. Nilimwomba radhi kwa jibu langu la kwanza, nikampa lile la pili, kisha tukaenda wote kwa daktari, naye akatuchorea moyo kwenye karatasi. Mama aliuliza maswali saba. Niliyahesabu. La mwisho lilikuwa kama mtaalamu wa mashine huwa anasinzia. Daktari alicheka, akasema hapana, hata kikohozi anakizuia.

Padre alimpaka binti mafuta jioni ya kuamkia upasuaji. Moyo wake ulilazwa asubuhi, ukaamshwa mchana. Alipona. Lakini valvu ambayo mwanzoni madaktari walitarajia kuirekebisha ilikuwa haifai tena, wakambadilishia ya chuma. Maana yake ni warfarini hadi mwisho wa maisha yake, na siku akitaka kuwa mama, mimba yake itakuwa ya hatari na ya uangalizi mkubwa. Daktari hakusema kwamba ni kwa sababu ya ile miezi minane. Nami sikumwuliza.

Mwaka huu yuko sekondari, kidato cha kwanza. Mama yake hunitumia ujumbe kila binti anapotoka kliniki kupima damu, ananiandikia tarakimu tu, bila neno lingine, nami namjibu kwa Salamu Maria moja ninayoisali palepale nilipo. Bado namwachia Mungu, kila siku. Ila sasa, kabla ya kusema hivyo kwa mtu, kwanza namwuliza daktari wake amemwambia nini.